Noctua NH-D15 na kasha la Fractal Design Torrent: tathmini ya kompyuta ya michezo inayotumika Lamu

Vipozaji vingi vya kompyuta hupimwa na watathmini katika vyumba vyenye nyuzijoto 21 au 22, na msomaji aliyeko Lamu huvutiwa na namba ambazo hatazipata kwenye skrini yake. Kipozaji cha hewa, na hata cha maji, hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kulitoa joto kwenye prosesa na kulikabidhi kwa hewa ya chumbani, kwa hiyo prosesa hubaki juu ya joto la chumba kwa tofauti isiyobadilika sana. Kama mpimaji wa Ulaya alipata nyuzi 65 ndani ya chumba cha nyuzi 21, tofauti yake ni 44, na katika chumba cha Mkomani kinachofika nyuzi 32 adhuhuri ya Machi, kazi ileile italeta nyuzi 76 hivi. Ningependa kila mtu wa pwani aifanye hesabu hii kabla ya kutoa pesa, kwa kuwa ndiyo iliyoniongoza kuchagua vifaa viwili ninavyovitathmini hapa, yaani kipozaji cha Noctua NH-D15 na kasha la Fractal Design Torrent. Nimevitumia wakati wa kaskazi, wakati wa kusi na katika siku za tanga mbili ambapo upepo hukatika kabisa, na naona kwamba vinafaa, ingawa kila kimoja kina jambo ambalo mnunuzi wa huku anapaswa kulijua mapema.

Vifaa vingine nitavitaja kwa ufupi. Prosesa ni AMD Ryzen 7 7800X3D, iliyotoka Aprili 2023, yenye kori 8, yaani sehemu za kufanyia hesabu, na kashe (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya ngazi ya tatu ya megabaiti 96. Kadi ya grafiki ni GeForce RTX 4080 Super ya Januari 2024, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16. RAM ni gigabaiti 32 za DDR5, na pawasaplai ni ya wati 850 yenye daraja la ufanisi la 80 Plus Gold.

Prosesa hiyo niliichagua kwa ajili ya tabia yake ya joto kabla ya kuangalia kasi yake. Imeandikiwa wati 120 kiwandani, lakini katika michezo mingi hutumia chini ya wati 80, ilhali zipo prosesa za hadhi yake zinazopita wati 200 zikipewa kazi nzito. Hata hivyo, wati chache hazina maana kwamba kipozaji chochote kitatosha. Tabaka la kashe lililobandikwa juu ya kori, ambalo ndilo linaloipa nguvu katika michezo, huzuia joto lisitoke upesi, na kwa sababu hiyo AMD wameiwekea kikomo cha nyuzi 89 badala ya nyuzi 95 walizowapa ndugu zake wasio na tabaka hilo. Mtu anayeanza na chumba cha nyuzi 32 ana nafasi ya nyuzi 57 tu kabla ya prosesa kuanza kujipunguzia kasi.

Sasa nije kwenye kipozaji chenyewe. NH-D15 iliingia sokoni mwaka 2014, na Noctua, kampuni ya Austria, ikaleta toleo la G2 mwaka 2024 likiwa na mabomba manane ya kusafirisha joto badala ya sita. Hili langu ni la kwanza. Lina minara miwili ya mapezi ya alumini, mabomba sita ya shaba yanayopita ndani yake, na feni mbili za milimita 140, moja mbele na nyingine katikati ya minara. Kimo chake ni milimita 165, na uzito pamoja na feni ni kilo 1.32. Feni zake ni za rangi ya kahawia na krimu, na wapo wasioipenda rangi hiyo. Kwao liko toleo jeusi. Mimi nilivutiwa zaidi na kitu ambacho watathmini wa nchi za baridi hukipita kwa neno moja: shaba na alumini zote zimepakwa nikeli, na mahali ambapo bomba linakutana na pezi pamelehemiwa badala ya kubanwa tu. Katika mji ambao bawaba za dirisha zisizopakwa mafuta hukwama kwa kutu, tabaka hilo la nikeli ni sehemu ya thamani ya kifaa. Alumini iliyo wazi ikipata chumvi hutoa unga mweupe, na unga huo nimewahi kuuona kwenye vipozaji vya bei nafuu vilivyoletwa kwangu kutoka nyumba za ukingo wa bahari. Mapezi ya Noctua nimeyamulika kwa tochi, pezi kwa pezi, na bado yanang'aa.

Kukifunga si kazi ngumu kama ukubwa wake unavyotisha. Bisibisi imo kwenye boksi, pesti ya joto ya kupakwa kati ya prosesa na kipozaji imo, na skurubu zina springi zinazozuia mtu asikaze kupita kiasi. Jambo la kuzingatia ni kwamba sehemu inayotoa joto katika prosesa za soketi ya AM5, kama hii yangu, haiko katikati ya kifuniko bali imesogea upande mmoja, na kwa sababu hiyo Noctua walitoa vyuma vya kufungia vinavyokisogeza kipozaji kwa milimita 7 kuelekea huko. Kampuni yenyewe inasema faida yake ni nyuzi 1 hadi 3. Mtu wa nchi ya baridi anaweza kuona ni kidogo, lakini huku nyuzi tatu hazidharauliki, na vyuma hivyo ni rahisi kuliko mabadiliko mengine yoyote yanayoweza kuleta tofauti kama hiyo.

Ukubwa wake una gharama. Feni ya mbele hukaa juu ya RAM, na nafasi inayobaki chini yake ni milimita 32. RAM zenye mapambo marefu ya taa hulazimisha feni ipandishwe, na feni ikipanda, makasha mengi hayafungiki tena. Nunua RAM fupi. Taa zake hazitaongeza hata fremu moja, yaani picha moja kwa sekunde, kwenye mchezo.

Kuhusu namba: chumba kikiwa nyuzi 31, dirisha likiwa wazi na mchezo mzito ukiendelea, prosesa hukaa kati ya nyuzi 72 na 77, na feni huzunguka mara elfu moja hivi kwa dakika ingawa uwezo wake ni 1,500. Nikiipa kazi inayozibana kori zote nane kwa pamoja, hupanda hadi nyuzi 84 au 85, jambo ambalo hakuna mchezo ninaoucheza unaolifanya. Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya ubao mama, niliipunguzia volti kidogo kupitia mpangilio ambao AMD huuita Curve Optimizer, na kwa hilo peke yake joto lilishuka kwa nyuzi kadhaa bila kasi kupungua. Vilevile nilizielekeza feni zisikimbilie kuongeza mizunguko kila joto linaporuka, kwa kuwa prosesa ya aina hii hupanda na kushuka ndani ya sekunde chache, na feni inayofuata kila mruko hupiga kelele bila faida. Noctua hutaja desibeli 24.6 kwa kila feni ikiwa kwenye kasi ya mwisho. Usiku, mji ukishanyamaza, kasha huwa linasikika kuliko kipozaji.

Kasha hilo, Fractal Design Torrent, ni la kampuni ya Uswidi na lilitoka mwaka 2021. Hulitambua mtu kwa uso wake ulio wazi na kwa feni mbili za mbele zenye upana wa milimita 180 kila moja, ukubwa usiopatikana kwenye makasha mengi. Chini yake ziko feni tatu za milimita 140, na zote tano huingiza hewa. Pawasaplai imepandishwa juu ili hewa ya chini iende moja kwa moja kwenye kadi ya grafiki. Mgongo wake una matundu, na hewa hutoka huko kwa kusukumwa tu na ile inayoingia.

Mpangilio huo una faida ambayo kwetu ni kubwa kuliko kwa mtu wa Stockholm. Hewa inayoingia ikiwa nyingi kuliko inayovutwa nje, shinikizo la ndani huwa juu kidogo ya la chumbani, na vumbi haliwezi kujipenyeza kupitia nyufa, milango ya USB na pembe za kioo, kwa sababu katika kila ufa hewa inatoka. Vumbi lote hulazimika kupitia kwenye chujio. Kasha ambalo feni zake nyingi hutoa hewa nje hufanya kinyume chake, yaani hufyonza vumbi kila mahali pasipo na chujio, na kulisafisha huwa ni kulifungua lote.

Hata hivyo, zile feni tatu za chini zilinipa mashaka tangu mwanzo, na mashaka yalikuwa ya kweli. Nyumba za mawe za Lamu zina kuta za matumbawe zilizopigwa lipu ya chokaa, na lipu ya zamani humwaga unga mweupe sakafuni hata kama chumba kinafagiliwa asubuhi na jioni. Kasha likikaa sakafuni, feni hizo hufyonza unga huo moja kwa moja. Lazima liinuliwe. Langu liko juu ya kibao cha mninga chenye miguu, kimo cha shubiri mbili kutoka chini, na tangu hapo chujio la chini hukusanya vumbi kama la mbele tu. Jambo lingine ni ukubwa wake: urefu wa milimita 544, upana wa 242 na kimo cha 530, na uzito unaozidi kilo 10 kabla ya kuwekwa kitu ndani. Mwenye ngazi nyembamba yenye kona, kama zilivyo ngazi nyingi za Mkomani na Langoni, apime kwanza. Na kwa kuwa hewa ya mgongoni ni ya uvuguvugu, paka wa mtaa hupapenda, na manyoya yao hujaa kwenye chujio la mbele kuliko kitu kingine chochote. Chujio hulizuia nyoya na nyuzi za nguo bila shida. Unga laini wa chokaa hupunguzwa tu, haumalizwi, na chumvi haizuiwi kabisa.

Kwenye chumvi ningependa kukaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayoua kompyuta nyingi za pwani huku lawama ikipewa joto. Upepo wa bahari hubeba matone madogo mno ya maji ya chumvi, maji hukauka njiani, na chumvi hutua pamoja na vumbi kwenye kila kitu kilichoko njia ya hewa. Ikiwa kavu haina madhara makubwa. Lakini chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani na kuyeyuka pale unyevu unapofika takriban asilimia 75, na Lamu hupita kiwango hicho usiku mwingi wa mwaka. Vumbi lililokaa kwenye ubao mama hugeuka kuwa utandu wenye unyevu unaopitisha umeme na kuila shaba taratibu. Fundi akifungua kompyuta kama hiyo hukuta alama za kijani kwenye miguu ya vifaa vidogo na kutu kwenye skurubu za kasha, hata kama mwenyewe anaapa kwamba maji hayajawahi kuigusa.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kompyuta inayofanya kazi iko salama zaidi kuliko iliyozimwa. Hewa ikipashwa joto ndani ya kasha, unyevu wake ukilinganishwa na kiasi inachoweza kubeba hushuka, na chumvi hubaki kavu. Hatari huja inapozimwa na kupoa wakati wa usiku, na huwa kubwa zaidi inapoachwa bila kuwashwa kwa wiki nyingi katika msimu wa masika. Kwa hiyo mashine hii haikai muda mrefu bila kuwashwa hata nikiwa sina muda wa kucheza, na ikizimwa huiacha ipoe kwanza kisha huifunika kwa kitambaa cha pamba. Kitambaa hicho hakitumiki ikiwa imewashwa kwa hali yoyote. Mfuko wa nailoni siupendekezi, kwa kuwa hufungia unyevu ndani.

Hapohapo ndipo swali la kiyoyozi linapoingia. Wapo wanaoamini kwamba chumba cha nyuzi 18 ndicho tiba ya yote, na ni kweli kwamba prosesa itashuka kwa kiasi kilekile ambacho chumba kimeshuka. Lakini hewa ya Lamu ina unyevu mwingi kiasi kwamba katika miezi ya joto chuma chochote chenye nyuzi 24 au chini ya hapo kinaweza kutokwa na umande kikikutana na hewa ya nje. Ukiipoza kompyuta hadi nyuzi 18, ukaizima, kisha ukafungua dirisha au umeme ukakatika na kiyoyozi kikanyamaza, maji yatatanda juu ya chuma kilichopakwa chumvi. Mwenye kiyoyozi akiweke kwenye nyuzi 26 na aache hapo. Prosesa itaridhika, na bili pia itapungua.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikununua kipozaji cha maji, maana ndicho kinachoonekana kwenye picha za kompyuta za fahari. Rejeta kubwa ya milimita 360 inaweza kuishinda NH-D15 kwa nyuzi chache prosesa inapofanya kazi nzito kwa muda mrefu, na ina faida nyingine ya kutouning'iniza uzito wa zaidi ya kilo moja kwenye ubao mama. Hayo nayakubali. Lakini kwa prosesa ya wati 80 tofauti hiyo hupungua sana, na kipozaji cha maji kina pampu. Pampu ikifa, kipozaji chote kimekufa, na kompyuta haitumiki mpaka kingine kifike. Feni ya Noctua ikifa, ya pili inaendelea kuzungusha hewa, na feni ya milimita 140 ya kuibadilisha hutoka Mombasa bila usumbufu mkubwa. Tena maji ya ndani hupungua polepole kwa kupenya kwenye mipira miaka inavyokwenda, na mtumiaji hawezi kuyaongeza katika vipozaji vingi vya aina hiyo. Kwa anayeishi Nairobi karibu na maduka ya vifaa, nisingebishana naye. Kwa anayeishi kisiwani, naona kifaa chenye sehemu chache za kuharibika kina haki ya kupewa nafasi ya kwanza.

Hata kipozaji bora hushindwa kikiwekwa mahali pabaya. Kijana mmoja wa Langoni, mwenye prosesa hiihii na kipozaji kama changu ndani ya kasha dogo zaidi, aliniita niikague kompyuta yake. Alikuwa ameiweka ndani ya shubaka la ukuta, mahali pazuri kwa macho, kuta tatu za mawe zikiwa zimeizunguka na kasha limeenea barabara.

"Ami, mbona yangu inagota themanini na tisa kila siku na yako haifiki?" aliniuliza.

Nilipitisha mkono kati ya mgongo wa kasha na ukuta. Hewa ilikuwa ikitoka, ikagonga jiwe, ikapanda, kisha ikarudi mbele juu ya kasha na kufyonzwa upya. Jiwe lenyewe lilikuwa limeshika moto kiasi cha kuhisika kwa kiganja. Nikamwambia, "Itoe hapo, mwanangu. Iweke mezani karibu na dirisha, mgongo wake uangalie nje." Tuliibeba pamoja, akaufungua mchezo uleule, na joto likashuka kwa zaidi ya nyuzi kumi bila kununua hata skurubu. Kuta nene za matumbawe huifanya nyumba iwe na ubaridi mchana, lakini zikishalishika joto la mashine hukaa nalo hadi usiku, kwa hiyo hewa ya moto ipewe njia ya kutoka kabla haijaufikia ukuta.

Wati zote zinazoingia kwenye kompyuta hutoka kama joto. Kadi ya RTX 4080 Super hutumia hadi wati 320, na ukijumlisha prosesa na vifaa vingine unapata takriban wati 450, karibu nusu ya pasi ya umeme iliyoachwa imewashwa chumbani kwa muda wote wa mchezo. Torrent huiondoa hewa ya moto ndani ya kasha kwa ustadi mkubwa, na kadi yangu hukaa kati ya nyuzi 66 na 70, lakini hewa hiyo haijaondoka chumbani. Wakati wa tanga mbili, dirisha lisipovuta, chumba hupanda nyuzi mbili au tatu ndani ya saa moja, na kila kitu ndani ya kompyuta hupanda nacho. Hapa suluhisho haliko kwenye kipozaji. Nimeiwekea kadi kikomo cha asilimia 80, sawa na wati 256, kwa kutumia programu ya MSI Afterburner, na fremu zilizopungua ni chache mno kuonekana kwa macho. Pia huweka ukomo wa fremu unaolingana na skrini, kwani kuzalisha fremu 190 kwa skrini inayoonyesha 120 ni kupasha chumba moto na kumaliza tokeni bure. Kama kuna ushauri mmoja katika tathmini hii ambao hauna gharama, ni huo.

Waya wa umeme wa kadi hii, ule wenye pini 12 kubwa na 4 ndogo, unahitaji uangalifu. Tangu mwisho wa mwaka 2022 zimekuwapo taarifa za plagi za aina hiyo kuyeyuka, hasa kwenye kadi za RTX 4090, na sababu mojawapo iliyothibitishwa ni plagi kutoingia hadi mwisho. Isukume mpaka isibaki nafasi, na usiukunje waya karibu na plagi. Upana wa Torrent unauruhusu waya upinde polepole, na hilo ni sifa nyingine ya kasha hili.

Umeme wenyewe ni suala la lazima hapa. Unapokatika na kurudi, mara nyingi hurudi kwa kuruka, na pawasaplai ya kisasa ingawa hukubali volti 100 hadi 240 haikuundwa kupokea miruko hiyo kila wiki. Tumia UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika, tena inayotoa wimbi safi la sine kama la umeme wa kawaida, kwa kuwa pawasaplai za daraja hili huweza kuikataa UPS ya wimbi la kukadiria hasa pale umeme unapokatika. Yangu ni ya VA 1,500 na wati 900, na hunipa dakika za kutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Isiwekwe nyuma ya kasha inakotoka hewa ya moto. Betri zake za risasi hupoteza takriban nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, na chumba cha Lamu tayari kimeshazizidisha. Kwenye BIOS, zuia kompyuta isijiwashe yenyewe umeme unaporudi.

Usafi ni kazi ya kila wiki kwa machujio na ya kila baada ya miezi michache kwa ndani. Machujio ya Torrent hutoka bila bisibisi, nami huyaosha kwa maji matamu na kuyakausha kivulini mpaka yawe makavu kabisa. Maji ya kisima chenye chumvi yasitumike. Kwa ndani natumia brashi laini na blowa ndogo, nikiwa nimezishika feni kwa kidole zisizunguke. Katika minara ya NH-D15 vumbi hujificha kati ya mnara wa kwanza na feni ya katikati, na feni hiyo hung'oka kwa kufungua waya mbili za springi, kwa hiyo hakuna sababu ya kupaacha.

Yeyote anayeagiza kompyuta iliyokwisha kuunganishwa Mombasa au Nairobi, asikubali isafirishwe kipozaji kikiwa kimefungwa. Njia ni basi kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti, kisha mkokoteni au punda kutoka gatini hadi mlangoni, na kilo 1.32 zinazoning'inia kwenye ubao mama ulio wima hazitavumilia mitikisiko hiyo yote. Kadi ya grafiki nayo itolewe. Vyote viwili visafiri kwenye maboksi yao, na kasha libebwe na mahamali wawili wima, kioo kikiwa kimetolewa na kufungwa kando. Kuunganisha upya ni kazi ya jioni moja, na kupaka pesti upya ni lazima, si hiari.

Kuhusu bei, prosesa ilitoka kwa dola 449 za Marekani, kadi kwa dola 999, na NH-D15 imekuwa ikiuzwa kwa takriban dola 110 huko kwao. Kwetu huongezeka VAT ya asilimia 16, ada nyingine za kuingiza mizigo, faida ya muuzaji na nauli ya boti, kwa hiyo linganisha maduka kabla ya kulipa. Kipozaji kina dhamana ya miaka sita kutoka kwa kampuni, na Noctua wana desturi ya kuwapa wateja vyuma vya kufungia kwenye soketi mpya bila malipo wakionyesha risiti. Risiti ya karatasi hufifia upesi katika unyevu wetu, kwa hiyo ipige picha siku hiyohiyo.

Kwa mwenye chumba kidogo kisicho na dirisha la upepo, Torrent na kadi ya wati 320 sivipendekezi, kwani kasha halitakuwa na hewa nzuri ya kuvuta. Huyo atafaidika zaidi na kadi ya wati 200 au pungufu, kasha lolote lenye uso wa wavu, na NH-D15 au ndugu yake mdogo mwenye mnara mmoja, NH-U12S. Mwenye chumba cha ghorofani kinachopokea kusi anaweza kuchukua vyote kama nilivyovieleza, aanze kwa kuinua kasha kutoka sakafuni na kuugeuza mgongo wake kuelekea dirishani.